NANI ALIYEULIZWA KABLA YA VIJANA WETU KUVUSHWA MPAKA?

Hotuba ya wakili kwa wananchi wa Kitui na Makueni



Mada tuliyokabidhiwa ni sera ya serikali yetu kuhusu nchi za nje, na hasa ile tabia iliyokita mizizi tangu mwaka 2011 ya kutuma watu wenye silaha katika nchi za wenzetu. Tunajua wapo watakaouliza mtu wa Mutomo au wa Kathonzweni ana shughuli gani na mambo kama hayo, ilhali ana mashaka yake ya maji, karo na bei ya ndengu. Swali hilo si geni, wala halikuzuka lenyewe. Watawala wetu wametuzoeza kuamini kwamba mambo ya ndani ni ya wananchi kulalamikia, na mambo ya nje ni ya wakubwa kuyaamua. Hata mageuzi yaliyofuta kifungu cha 2A mwezi Desemba 1991 na kuturudishia vyama vingi yalipiga hodi katika milango mingi ya serikali, lakini mlango huo hayakuugusa sana.

Sisi tunaona kinyume. Sera ya nchi za nje huanzia katika uwanja wa michezo, siku ya kuandikisha makurutu, pale vijana wa hapa wanapokimbizwa, wakahesabiwa meno na kupimwa kifua, wengi wakarudi nyumbani na wachache wakachukuliwa. Huanzia hapo, na mara nyingine huishia katika kaburi lililochimbwa karibu na mwembe wa nyumbani, bendera ikikunjwa na kukabidhiwa mama ambaye hakuna aliyemweleza vita vile vilikuwa vya nini.

Hoja tunayoileta mbele yenu ni nyepesi kuitamka. Hakuna waziri, wala jenerali, wala rais mwenye mamlaka ya kumpeleka mtoto wa mtu vitani nje ya nchi kabla wananchi hawajaulizwa kupitia Bunge lao. Na hakuna serikali yenye haki ya kuwaficha wananchi idadi ya waliokufa. Hatuwasuti askari. Askari hutii amri, na aghalabu ametii kwa ushujaa. Tunaowasuta ni wale wanaotoa amri wakiwa wameketi penye kivuli.

Ukambani imelijua jambo hili tangu kabla koloni halijaitwa Kenya. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, 1914 hadi 1918, Mwingereza na Mjerumani walipigania ardhi ya Tanganyika, na mizigo yao ikabebwa vichwani mwa Waafrika. Wapagazi hao walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi wao si kwa risasi bali kwa kuhara, malaria na njaa. Jina la Kariokor pale Nairobi ni ukumbusho wa kikosi chao. Katika Vita vya Pili vijana wa huku waliingia Keya kwa wingi, na mwaka 1944 wakawa katika misitu ya Burma wakipigana na Wajapani ambao hawakuwa wamewakosea lolote. Ndipo Waingereza wakaeneza ule msemo kwamba Mkamba amezaliwa askari. Sifa hiyo tuliipenda, na wapo wanaoipenda hadi leo. Hata baada ya uhuru tulijivunia kuona jeshi la taifa likiongozwa na Joel Ndolo na kisha Jackson Mulinge. Lakini inafaa tuitazame kwa jicho la tahadhari, kwa maana ni sifa inayomfaidi zaidi anayeitoa kuliko anayepewa.

Serikali iliyokuwa ikiwasifu Wakamba kwa utiifu wao jeshini ndiyo iliyowanyang'anya ng'ombe mwaka 1938, kwa kisingizio kwamba mifugo imezidi na udongo unamomonyoka. Watu wa wilaya ya Machakos, ambayo Makueni ilikuwa sehemu yake hadi 1992, walifunga safari hadi Nairobi wakiongozwa na Muindi Mbingu, wakapiga kambi huko kwa majuma kadhaa wakitaka kusikizwa na gavana. Muindi Mbingu alikamatwa na kupelekwa Lamu, lakini unyang'anyi wa ng'ombe ukakoma. Mojawapo ya sababu za Waingereza kulegeza kamba ni kwamba walihofia habari hizo zingewafikia askari wa Kikamba waliokuwa katika kambi za jeshi. Kwa hiyo nyumbani kwa askari kuna nguvu, na nguvu hiyo iliwahi kutumiwa kwa amani kabisa. Tunalitaja jambo hili kwa sababu mwishoni mwa hotuba tutawaomba mfanye kitu kinachofanana nalo.

Kabla ya kuifikia Somalia, ni haki tuseme kwamba nchi yetu iliwahi kuwa na njia nyingine, tena njia yenye heshima. Tarehe 20 Julai 2002, hapo Machakos, serikali ya Sudan na wapiganaji wa kusini walitia saini Itifaki ya Machakos, wakisuluhishwa na Jenerali Lazaro Sumbeiywo. Mapatano kamili yalitiwa saini Nairobi tarehe 9 Januari 2005, na vita vya miaka zaidi ya 20 vikakoma. Katika miaka hiyohiyo Wasomali walikaa Eldoret na kisha Mbagathi, kuanzia 2002 hadi 2004, wakajadiliana hadi wakaunda serikali ya mpito. Hatusemi mapatano hayo yaliponya kila jeraha. Sudan Kusini na Somalia zenyewe ni ushahidi kwamba hayakuponya. Lakini jirani aliyegombana na jirani alijua kwamba akifika Kenya atapata kiti, maji ya kunywa na mtu wa kumsikiliza bila kumwelekezea mtutu wa bunduki. Askari wetu nao walipokwenda nje, kama Namibia mwaka 1989, walikwenda chini ya bendera ya Umoja wa Mataifa kusimamia amani ambayo wahusika wenyewe walikuwa wameikubali.

Njia hiyo iliachwa mwezi Oktoba 2011. Mwezi Septemba na Oktoba mwaka huo wageni walitekwa nyara Kiwayu na Manda huko Lamu, na wafanyakazi wawili wa shirika la madaktari wakatekwa katika kambi ya Dadaab. Yalikuwa matendo maovu, na serikali ilikuwa na wajibu wa kulinda mipaka. Siku ya Jumamosi, tarehe 15 Oktoba, waziri wa usalama wa ndani George Saitoti na waziri wa ulinzi Yusuf Haji waliwatangazia waandishi wa habari kwamba adui atafuatwa hukohuko aliko, wakitaja haki ya kujitetea iliyo katika kifungu cha 51 cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa. Kesho yake majeshi yakavuka mpaka. Operesheni ikapewa jina la Linda Nchi.

Sisi mawakili hatuna ugomvi na haki ya kujitetea. Tunauliza tu iwapo kujitetea ndiko kulikokusudiwa. Nyaraka za kibalozi za Marekani zilizofichuliwa baadaye zilionyesha kwamba mapema mwaka 2010, zaidi ya mwaka mmoja kabla ya utekaji nyara wa Lamu, waziri wetu wa mambo ya nje, Moses Wetang'ula, alikuwa akiwaomba Wamarekani waunge mkono mpango wa Kenya wa kuingia Jubaland kwa kutumia vikosi vya Kisomali vilivyofunzwa na Kenya. Wamarekani wenyewe, ambao si wageni wa kuvamia nchi za watu, waliuonea shaka mpango huo. Basi utekaji nyara ulikuwa sababu, au ulikuwa kisingizio kilichofika wakati mpango upo tayari mezani? Swali hilo lilistahili kuulizwa Bungeni kabla ya gari la kwanza kuvuka mpaka. Bunge liliombwa idhini ya kuyaunganisha majeshi yetu na kikosi cha Umoja wa Afrika mwezi Desemba, askari wakiwa wamekwisha kaa Somalia kwa takriban miezi miwili. Mbunge gani angesimama wakati huo na kusema hapana?

Mkulima yeyote wa Kibwezi au Mwingi angeulizwa, angewaambia wakubwa hao kwamba Oktoba si mwezi wa kupeleka malori mazito katika udongo mweusi. Ni mwezi wa kungoja vuli. Mvua ilinyesha kama inavyonyesha kila mwaka Mungu anapojalia, magari yakazama, na safari ya Kismayu ikachukua karibu mwaka mzima. Mji huo uliingiwa mwishoni mwa Septemba 2012.

Tukiwa bado katika majigambo ya siku zile, msemaji wa jeshi alitangaza orodha ya miji 10 ya Somalia ambayo ingeshambuliwa mfululizo, akionya wenyeji wakae mbali. Kisha akatangaza kwamba kundi lolote kubwa la punda waliobebeshwa mizigo litahesabiwa kuwa ni shughuli ya Al-Shabaab. Watu wengine nchini walicheka. Ninyi ambao mitungi yenu ya maji hufika nyumbani mgongoni mwa punda mnajua kwamba hilo si la kuchekesha. Kusini mwa Somalia mwaka ule kulikuwa na njaa iliyotangazwa rasmi na Umoja wa Mataifa mwezi Julai, na punda ndiye aliyebeba maji, mtama na wagonjwa. Tarehe 30 Oktoba 2011 mabomu yaliangushwa Jilib. Shirika la Madaktari Wasio na Mipaka lilisema watu 5 waliuawa na 45 kujeruhiwa katika kambi ya waliohama makwao, wengi wa majeruhi wakiwa watoto. Jeshi letu lilikana kuwa lilipiga raia. Hakuna uchunguzi ambao matokeo yake yaliwekwa mbele ya wananchi wa Kenya.

Tuliambiwa vita hivyo vitaleta usalama nyumbani. Westgate, tarehe 21 Septemba 2013: watu 67. Mpeketoni, Juni 2014: zaidi ya 60. Mandera, abiria 28 wa basi mwezi Novemba mwaka huohuo, na wachimba mawe 36 siku chache baadaye. Chuo Kikuu cha Garissa, tarehe 2 Aprili 2015: watu 148, wengi wao wanafunzi. Wengi wenu mnaijua barabara ile, inapita Mwingi, Nguni na Ukasi, na watoto wa nchi nzima wameipitia kwenda kusoma. Hatusemi kwamba mauaji hayo ni kosa la serikali; kosa ni la wauaji. Wala hatusemi kwamba Al-Shabaab hawakuwahi kutugusa kabla ya 2011. Tunasema kwamba ahadi ilitolewa, haikutimia, na walioitoa hawakuitwa hata siku moja kujieleza.

Sasa tufike El Adde, maana hapo ndipo palipo na uchungu wa mambo haya.

Alfajiri ya tarehe 15 Januari 2016, Al-Shabaab walivamia kambi ya majeshi yetu huko El Adde, jimbo la Gedo, wakaiteka. Siku chache baadaye, tarehe 27 Januari, Rais Uhuru Kenyatta alihudhuria ibada ya kumbukumbu Eldoret, na pamoja naye walikuwa marais wa Somalia na Nigeria. Marais watatu walisimama mbele ya wafiwa, na hakuna aliyetaja idadi ya waliokufa. Mwezi uliofuata rais wa Somalia, Hassan Sheikh Mohamud, alisema katika televisheni ya kwao kwamba walikaribia 200. Serikali yetu ikamkanusha, lakini haikutoa hesabu yake. Mwezi Mei shirika la habari la CNN lilieleza kwamba kwa uchunguzi wake waliokufa hawakupungua 141. Wakati huohuo mwandishi wa habari aliyechapisha taarifa za maafa hayo alikamatwa, na wananchi wakaonywa wasisambaze picha. Miaka ikapita, na serikali haikuitangaza idadi rasmi. Mwaka mmoja baada ya El Adde, tarehe 27 Januari 2017, kambi ya Kulbiyow ilishambuliwa. Safari hiyo jeshi lilitaja idadi, askari 9, na wengi hawakuiamini. Anayeficha mara ya kwanza asishangae kutosadikiwa mara ya pili.

Hapa kwetu mtu akifa, hata awe maskini asiye na kuku, huhesabiwa. Naibu wa chifu huandika jina lake, kanisa husomewa, kijiji huchanga. Mbuzi wakichukuliwa na mafuriko ya Tana, mwenyewe hujua ni wangapi. Ni serikali ya namna gani inayojua bei ya kila kifaru ilichonunua na isiweze kuwaambia wananchi ni vijana wangapi waliteketea asubuhi moja? Tumesikia hoja kwamba kutaja idadi humpa adui moyo. Adui alikuwepo pale. Alizihesabu maiti kwa macho yake na kuzipiga picha. Wasiojua ni sisi.

Na huko Kismayu kwenyewe, ripoti za wachunguzi wa Umoja wa Mataifa zilieleza kwamba makaa, ambayo Baraza la Usalama lilipiga marufuku yasiuzwe nje ya Somalia mwezi Februari 2012, yaliendelea kupakiwa melini bandarini baada ya majeshi yetu na washirika wao wa Jubaland kuuchukua mji. Mwaka 2015 shirika la Journalists for Justice lilichapisha taarifa iliyodai kwamba baadhi ya maofisa wa jeshi letu walifaidika na biashara ya makaa na ya sukari. Jeshi lilikana. Hatuwahukumu watu ambao mahakama haijawahukumu. Lakini ninyi watu wa Kitui mmepambana miaka mingi na wachoma makaa wanaomaliza misitu yenu; mnajua jinsi gunia la makaa linavyoweza kumfanya ofisa asione.

Ndugu zetu, sheria inasema nini? Tutaisema kwa ufupi, maana sheria ikirefushwa husinziza. Katiba mliyoipitisha kwa kura zenu tarehe 4 Agosti 2010 inasema katika kifungu cha 238 kwamba usalama wa taifa uko chini ya mamlaka ya Katiba na ya Bunge. Kifungu cha 132 kinamruhusu Rais kutangaza vita, lakini kwa idhini ya Bunge. Kifungu cha 240 kinaliruhusu Baraza la Usalama wa Taifa kupeleka majeshi nje ya nchi kwa shughuli za amani na misaada mingine, lakini, tena, kwa idhini ya Bunge; na kinalitaka Baraza hilo kutoa taarifa Bungeni kila mwaka. Maneno hayo hayakuandikwa kwa bahati. Waliyoyaandika walikuwa wameishi chini ya serikali ambayo mtu mmoja akikohoa taifa zima huugua.

Sasa tazameni jinsi maneno hayo yalivyotendewa katika jambo la Haiti.

Tarehe 29 Julai 2023 wizara ya mambo ya nje, ikiongozwa na Dkt. Alfred Mutua, mwana wa Ukambani hii hii, ilitangaza kwamba Kenya iko tayari kupeleka polisi 1,000 kupambana na magenge ya Haiti. Tunalitaja jina lake bila chuki, kwa kuwa hapa pana wanaodhani kwamba jambo likitangazwa na mtu wa kwetu huwa limekwisha kuwa la kwetu. Wakati anatangaza, Bunge halikuwa limeulizwa. Tarehe 2 Oktoba Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliidhinisha kikosi hicho kwa azimio namba 2699, na Bunge letu bado halikuwa limeidhinisha. Bunge la Taifa lilipiga kura tarehe 16 Novemba, baada ya dunia nzima kupewa ahadi. Hiyo ni sawa na mtu kupokea mahari ya binti, kula mbuzi na wageni, kisha kumwita mkewe amuulize kama anakubali.

Dkt. Ekuru Aukot, aliyekuwa mkurugenzi wa Kamati ya Wataalamu iliyoiandika rasimu ya Katiba, alikwenda mahakamani pamoja na wenzake. Tarehe 26 Januari 2024 Jaji Chacha Mwita wa Mahakama Kuu alitoa hukumu. Alisema kwamba Baraza la Usalama wa Taifa lina uwezo wa kupeleka majeshi ya ulinzi nje, lakini polisi si jeshi, na Baraza hilo halina uwezo juu yao. Polisi wanaweza kupelekwa nchi nyingine kwa kufuata Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi tu, ambayo hutaka pawe na mapatano ya kusaidiana kati ya nchi hizo mbili. Mapatano hayo hayakuwapo.

Serikali ilifanya nini? Tarehe 1 Machi 2024 alialikwa Nairobi Ariel Henry, waziri mkuu wa Haiti ambaye hakuchaguliwa na mtu, katika nchi ambayo tangu Januari 2023 haikuwa na kiongozi hata mmoja wa kuchaguliwa, akatia saini mapatano. Akiwa safarini, magenge yaliushambulia uwanja wa ndege wa mji wake mkuu, akashindwa kurudi kwao, na kabla mwezi haujafika katikati akatangaza kwamba atajiuzulu. Huyo ndiye aliyetuahidi msaada wa kubadilishana. Kwa mujibu wa karatasi ile, wananchi wa Makueni wakizidiwa na wezi, polisi wa Port-au-Prince wanaweza kuja kutusaidia. Tunawangoja.

Polisi 400 wa kwanza walifika Haiti tarehe 25 Juni 2024. Mnaikumbuka tarehe hiyo. Siku ileile vijana wa Kenya, waliokuwa wakiupinga Mswada wa Fedha, walipigwa risasi nje ya Bunge lao, na jioni waziri wa ulinzi akachapisha tangazo la kutoa majeshi kuwasaidia polisi hapa nyumbani. Polisi walioitwa waokozi upande mmoja wa dunia, upande huu walikuwa wakiua watoto wa waliowalipa mishahara. Bunge liliombwa kuidhinisha matumizi ya jeshi kesho yake, tarehe 26. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilisema kufikia Novemba mwaka huo kwamba vifo vilivyotokana na maandamano vilikuwa 60. Serikali ikishazoea kutumia nguvu nje bila kuuliza, haisahau mazoea hayo inapovuka mpaka kurudi nyumbani.

Wapo watakaosema: Je, Wahaiti si ndugu zetu? Ni ndugu zetu. Walijikomboa kutoka utumwani na kutangaza uhuru mwaka 1804, na mataifa makubwa hayajawasamehe kwa kosa hilo. Ndiyo maana kazi ile ingestahili kuanza kwa kuwauliza Wahaiti wenyewe, na kwa kuiuliza Marekani, ambayo iliikalia Haiti kijeshi kuanzia 1915 hadi 1934, kwa nini sasa ilitoa fedha na vifaa ikataka miili itoke Afrika. Mwezi huohuo wa Juni 2024 Kenya ilipewa na Marekani cheo cha mshirika mkuu aliye nje ya NATO. Cheo hicho kilishangiliwa ikulu. Mwezi Februari na Machi 2025 polisi wetu walianza kuuawa na kupotea Haiti. Kikosi kilichokusudiwa kuwa na watu 2,500 hakikufikia nusu ya hesabu hiyo, na mwezi Septemba 2025 Baraza la Usalama likaamua kiundwe kikosi kingine mahali pake.

Kongo hatutaikawiza. Askari wetu walitumwa Goma mwezi Novemba 2022 chini ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, safari hiyo kwa idhini ya Bunge, na tunatoa heshima panapostahili heshima. Lakini kamanda wao, Mkenya, aliondoka Aprili 2023 akieleza kwamba usalama wake ulitishwa, na mwaka huohuo serikali ya Kongo ilikataa kuwaongezea muda. Januari 2025 Goma ikatwaliwa na M23. Idhini ya Bunge haigeuzi sera mbaya kuwa njema. Inahakikisha tu kwamba kuna watu wa kuulizwa. Na mwezi Februari 2025, jijini Nairobi, wapiganaji wa RSF wa Sudan walikaribishwa kutia saini mkataba wa serikali yao mbadala. Sudan ikamwita balozi wake nyumbani na kuikataa chai yetu. Ni nchi ileile iliyowahi kupatanishwa Machakos.

Basi tunaomba nini? Hatuombi majeshi yavunjwe, wala nchi ijifungie ndani kama konokono. Tunaomba mambo matatu, na yote yamo katika sheria zilizopo. La kwanza, serikali itangaze majina na idadi ya wote waliokufa El Adde na katika kila kituo cha nje tangu 16 Oktoba 2011, isipokuwa pale ambapo familia yenyewe haitaki jina litajwe. La pili, taarifa ya kila mwaka ya Baraza la Usalama wa Taifa isomwe na kujadiliwa hadharani, na ieleze gharama, muda na kusudi la kila kikosi kilichoko nje. La tatu, Bunge liulizwe kabla ya ahadi kutolewa kwa wageni.

Kifungu cha 119 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kupeleka ombi Bungeni. Kifungu cha 35 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inaitaka ofisi iliyoombwa ijibu katika muda wa siku 21. Tunajua watatujibu kwa neno usalama. Sheria hiyo inakubali kwamba habari nyingine zaweza kuzuiwa kwa ajili ya usalama wa taifa, lakini inakubali pia kwamba maslahi ya umma yakizidi madhara, habari zitolewe. Tutawauliza ni madhara gani yaliyobaki katika idadi ya watu waliokufa Januari 2016. Wakikataa, tutakwenda kwa Tume ya Utekelezaji wa Haki, na kutoka huko mahakamani. Mawakili kadhaa wa huku wamekubali kulibeba jambo hili bila malipo. Hatutaki mtu yeyote achangishwe fedha kwa jina la kesi hii, na akitokea wa kuwachangisha, mjue si wetu.

Hati za ombi ziko kwenye meza iliyo karibu na lango, moja kwa Kiswahili na moja kwa Kikamba. Mtakaporudi nyumbani, kila mmoja achukue nakala moja ya kijiji chake, aisome mbele ya watu kabla ya mtu yeyote kutia saini. Wasiojua kuandika watatia dole gumba, na jina la shahidi litaandikwa kando. Wazazi na wajane wa askari na polisi walio nje au waliokufa nje wana karatasi yao tofauti. Tunawaomba wengine mwasubiri watangulie.